Dalili za kaswende kwenye ngozi

Dalili za kaswende kwenye ngozi ni vidonda, vipele, mabaka na uvimbe vinavyojitokeza kwenye ngozi au kwenye utando laini wa mdomo, sehemu za siri na njia ya haja kubwa kwa mtu aliyeambukizwa kaswende (pia: sekeneko). Kaswende ni ugonjwa wa zinaa unaosababishwa na bakteria aina ya *Treponema pallidum*.

Ngozi ndiyo mahali ambapo ugonjwa huu huonekana mapema na kwa urahisi zaidi. Hata hivyo dalili zake hudanganya: kwa kawaida haziumi, mara nyingi haziwashi, hufanana na za magonjwa mengine mengi, tena huisha zenyewe bila dawa wakati bakteria wangali hai mwilini. Kwa sababu hiyo watu wengi huamini kwamba wamepona, huendelea kuambukiza wenzao, na baada ya miaka hupata madhara ya moyo, ubongo, macho au masikio. Mwanamke mjamzito anaweza kumwambukiza mtoto aliye tumboni bila kujua kwamba anaumwa.

Kaswende hutibika kabisa kwa penisilini, hasa ikigunduliwa mapema. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu wazima milioni 8 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 waliambukizwa upya duniani.

## Bakteria na jinsi anavyoingia

*Treponema pallidum* ni bakteria mwembamba aliyejipinda kama kizibuo. Ni mwembamba kiasi kwamba haonekani kwa darubini ya kawaida. Huhitaji darubini ya aina ya pekee inayomwonyesha akiwa anang'aa kwenye giza. Hawezi kuishi muda mrefu nje ya mwili wa binadamu: ukavu, sabuni na joto humuua haraka. Kwa hiyo kaswende haiambukizwi kwa kukalia choo, kushirikiana nguo au vyombo, wala kuogelea pamoja.

Bakteria huingia kupitia utando laini au mchubuko mdogo wa ngozi unapogusana na kidonda au kipele chenye unyevu cha mtu mwenye ugonjwa. Hilo hutokea hasa katika ngono ya ukeni, ya mkunduni au ya mdomo, na pengine kwa kubusiana ikiwa kuna kidonda mdomoni. Njia nyingine ni kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto kupitia kondo la nyuma, na mara chache kuongezewa damu isiyopimwa.

Bakteria huyu huzaliana polepole, akihitaji zaidi ya siku moja ili kugawanyika mara moja tu. Ndiyo maana dalili ya kwanza haitokei kesho yake, bali baada ya siku 10 hadi 90, kwa wastani siku 21. Mtu anayepata kidonda leo anapaswa kufikiria yaliyotokea wiki kadhaa zilizopita, si jana.

## Hatua ya kwanza: kidonda kisichouma

Mahali bakteria alipoingia hutokea doa dogo, kisha kipele kigumu, na hatimaye kipele hicho huchubuka na kuwa kidonda. Kidonda cha kawaida cha kaswende hutambulikana kwa sifa zifuatazo:

* kwa kawaida ni kimoja, cha mviringo, chenye upana wa milimita chache hadi sentimita 2;
* hakiumi, hata kikiguswa;
* kingo zake zimeinuka kidogo na ni ngumu; ukikishika kati ya vidole huhisi kama kuna kifungo chini ya ngozi;
* sehemu yake ya chini ni safi, bila usaha mwingi;
* tezi za kinena huvimba pande zote mbili baada ya siku chache (mitoki), nazo ni ngumu kiasi na haziumi.

Kwa mwanamume kidonda hutokea mara nyingi kwenye kichwa cha uume, chini ya govi au kwenye shina la uume. Kwa mwanamke hutokea kwenye mashavu ya uke, lakini kinaweza kuwa ndani ya uke au kwenye mlango wa kizazi, ambako hakionekani wala kuhisiwa. Kidonda cha mkunduni huchukuliwa kwa urahisi kuwa bawasiri au mpasuko wa kawaida. Kidonda kinaweza pia kutokea kwenye midomo, ulimi, koo, chuchu au kidole.

Si kila kidonda hufuata maelezo hayo. Baadhi ya watu hupata vidonda viwili au zaidi, na hilo huonekana zaidi kwa wanaoishi na VVU. Kikiingiwa na vijidudu vingine, kidonda kinaweza kuuma na kutoa usaha.

Bila tiba, kidonda hupona chenyewe baada ya wiki 3 hadi 6. Kupona huko hakuna maana yoyote kuhusu ugonjwa, kwa sababu bakteria wamekwisha kuenea kupitia damu. Mtu aliyepaka dawa ya miti, maji ya chumvi au krimu ya dukani huona kidonda kimekauka na kuisifu dawa hiyo, ingawa kingekauka vilevile bila kupakwa chochote.

Wakati kidonda kipo, hatari ya kuambukizwa VVU huongezeka, kwa kuwa kidonda ni mlango ulio wazi.

## Hatua ya pili: vipele na mabaka

Kwa kawaida wiki 4 hadi 10 baada ya kidonda kutokea, ugonjwa hujitokeza upya mwili mzima. Kwa baadhi ya wagonjwa kidonda cha kwanza huwa bado hakijapona. Wengine hawakumbuki kuwahi kuwa nacho. Pamoja na vipele huweza kuwepo homa ndogo, uchovu, maumivu ya kichwa, koo na misuli, kupungua uzito, na kuvimba kwa tezi za shingo, kwapa na kinena. Mgonjwa hudhani ana malaria au mafua.

### Kiwiliwili, viganja na nyayo

Dalili za awali ni madoa bapa yaliyofifia yanayotokea kifuani, mgongoni na mbavuni, kwa ulinganifu wa pande zote mbili. Baada ya siku au wiki kadhaa madoa huwa vipele vidogo vilivyoinuka, vikavu, pengine vyenye magamba membamba kwenye ukingo kama kola.

Dalili inayosaidia zaidi kutambua kaswende ni madoa kwenye viganja vya mikono na nyayo za miguu. Magonjwa mengi ya ngozi huacha sehemu hizo, lakini kaswende huzipenda. Madoa hayo ni ya mviringo, yenye rangi ya shaba au kahawia, magumu kidogo, na hayawashi. Mtu mzima mwenye vipele mwilini pamoja na madoa mapya viganjani na kwenye nyayo anapaswa kupimwa kaswende, hata kama hakumbuki kidonda chochote.

### Sehemu zenye unyevu

Kwenye mikunjo yenye joto na unyevu, kama vile sehemu za siri, mkunduni, chini ya matiti, kwapani na kati ya vidole vya miguu, vipele hukua na kuungana. Huwa mabonge bapa, mapana, yenye unyevu na rangi ya kijivu au nyeupe. Mara nyingi hudhaniwa kuwa sunzua. Tofauti ni kwamba sunzua za sehemu za siri, zinazosababishwa na virusi, ni kavu zaidi, zimechongoka na uso wake unafanana na koliflawa, hali mabonge ya kaswende ni bapa na laini. Yamejaa bakteria, hivyo ni kati ya dalili zinazoambukiza kuliko zote.

### Mdomoni

Ndani ya mashavu, kwenye ulimi, kaakaa na midomo huweza kutokea mabaka ya kijivu yenye ukingo mwekundu, au michirizi inayofanana na njia ya konokono. Kwenye pembe za mdomo ngozi huweza kupasuka. Mabaka hayo nayo huambukiza.

### Nywele

Nywele za kichwa huweza kunyonyoka mafungu mafungu, zikiacha mapengo madogo yasiyo na mpangilio, kama nguo iliyoliwa na nondo. Nyusi huweza kupungua upande wa nje, na ndevu kuwa na mapengo. Nywele huota tena baada ya tiba.

### Sura nyingine

Vipele vinaweza kuwa na umbo la pete, hasa usoni, kuzunguka mdomo na pua. Vinaweza kufanana na chunusi, tetekuwanga au ugonjwa wa magamba. Kwa nadra, hasa kwa watu ambao kinga yao imeshushwa na VVU, hutokea vidonda vingi vyenye gamba nene jeusi mwilini na usoni, pamoja na homa kali. Kwa watu wengine mabaka yaliyopauka hubaki shingoni kwa miezi baada ya vipele kuisha.

Bila tiba, dalili za hatua ya pili huisha zenyewe baada ya wiki kadhaa au miezi michache. Kwa takriban robo ya wagonjwa hurudi mara moja au zaidi, mara nyingi ndani ya mwaka wa kwanza.

## Kwenye ngozi nyeusi

Vitabu vingi vya tiba vilivyoandikwa Ulaya na Marekani huonyesha vipele vya kaswende kwenye ngozi nyeupe na kuvieleza kuwa vya rangi ya waridi au nyekundu. Maelezo hayo huwapotosha wagonjwa na wahudumu wa Afrika, kwa kuwa kwenye ngozi nyeusi wekundu huonekana kidogo au hauonekani kabisa.

Kwenye ngozi nyeusi:

* madoa ya mwanzo yanaweza yasionekane isipokuwa kwenye mwanga mzuri wa jua, ngozi ikitazamwa kwa upande;
* vipele huonekana vyeusi kuliko ngozi inayovizunguka, au vya rangi ya kahawia iliyoiva, zambarau au kijivu;
* vipele vya umbo la pete usoni hutokea zaidi, na hudhaniwa kuwa choa;
* viganjani na kwenye nyayo, ambako ngozi ina rangi nyepesi, madoa huonekana waziwazi zaidi kuliko sehemu nyingine;
* baada ya kupona, alama nyeusi hubaki kwa miezi mingi.

Watu wengi wenye ngozi nyeusi wana madoa meusi ya kawaida viganjani na kwenye nyayo tangu ujana, ambayo si ugonjwa. Jambo la kuuliza ni kama madoa ni mapya, yametokea kwa pamoja katika siku au wiki chache, na kama kuna vipele mahali pengine.

Krimu zenye steroidi, zikiwemo baadhi ya zile zinazouzwa kwa ajili ya kung'arisha ngozi, huweza kubadilisha sura ya vipele na kumchelewesha mgonjwa kutambuliwa.

## Kipindi cha kimya

Baada ya hatua ya pili ngozi husafika na mgonjwa hujisikia mzima. Ugonjwa hugundulika kwa kipimo cha damu tu. Kipindi hicho huweza kudumu miaka michache au maisha yote. Kwa kadiri miaka inavyopita uwezo wa kuambukiza kwa ngono hupungua, lakini mwanamke anaweza bado kumwambukiza mtoto tumboni.

## Hatua ya tatu

Takriban theluthi moja ya wasiotibiwa hufikia hatua ya tatu, miaka mingi baada ya maambukizi. Tangu penisilini ienee, hatua hii imekuwa nadra.

Kwenye ngozi hutokea uvimbe mgumu usiouma, mmoja au michache, hasa miguuni, usoni na kichwani. Uvimbe hulainika, hupasuka na kuwa kidonda chenye kingo zilizosimama wima kama kilichokatwa kwa patasi. Hupona polepole upande mmoja huku kikienea upande mwingine, kikiacha kovu jembamba. Ukitokea puani au kwenye kaakaa, unaweza kutoboa mfupa na kubomoa pua. Vidonda hivyo haviambukizi kwa ngono.

Madhara makubwa ya hatua hii hayaonekani kwenye ngozi: mshipa mkuu wa damu hutanuka, na ubongo na uti wa mgongo huharibika, hata kuleta kupooza na kuchanganyikiwa akili. Ieleweke kwamba macho, masikio na ubongo vinaweza kushambuliwa katika hatua yoyote. Mgonjwa mwenye vipele anayeanza kuona vibaya, kutosikia au kuumwa kichwa kikali anahitaji hospitali siku hiyohiyo.

## Kwa watoto wachanga

Kaswende ya mama isiyotibiwa huweza kusababisha mimba kuharibika, mtoto kuzaliwa mfu, kuzaliwa kabla ya wakati, au kuzaliwa na ugonjwa. Watoto wengi walioambukizwa huzaliwa wakionekana wazima, na dalili hujitokeza katika wiki au miezi ya kwanza:

* malengelenge yenye maji kwenye viganja na nyayo, ambayo baadaye hupasuka na ngozi kubambuka;
* vipele vya rangi ya shaba usoni, matakoni na miguuni;
* nyufa kuzunguka mdomo, pua na mkundu;
* makamasi mengi, pengine yenye damu, yanayomzuia kunyonya;
* tumbo kuvimba kwa sababu ya ini na wengu, manjano, na upungufu wa damu;
* kutosogeza mkono au mguu kwa sababu ya maumivu ya mifupa.

Maji ya malengelenge na makamasi hayo yana bakteria wengi, hivyo anayemhudumia mtoto huvaa glavu hadi tiba ianze kufanya kazi. Mtoto asiyetibiwa huweza baadaye kuwa na meno ya mbele yenye pengo katikati ya ukingo, pua iliyobonyea, makovu kama miali kuzunguka mdomo, upofu au uziwi.

Malengelenge viganjani na kwenye nyayo tangu siku za kwanza si jambo la kawaida kwa mtoto mchanga. Si vipele vya joto, na hayapaswi kungojewa yaishe.

## Magonjwa yanayofanana

Madaktari huiita kaswende mwigaji mkuu. Magonjwa yanayochanganywa nayo mara nyingi ni haya:

* Malengelenge ya sehemu za siri: husababishwa na virusi, huwa ni vilengelenge vingi vidogo vinavyouma na kuchoma, hupasuka na kurudi mara kwa mara mahali palepale.
* Pangusa: husababishwa na bakteria *Haemophilus ducreyi*, kidonda huuma sana, kingo zake ni laini na kina usaha, na mtoki wake huuma na huweza kupasuka.
* Homa ya nyani, yaani mpox: vipele huwa na maji au usaha, huwa na shimo katikati na huuma, huweza kutokea sehemu za siri na viganjani pia.
* Upele wa kuambukizana: huwasha sana, hasa usiku, na watu wengine wa nyumba moja huwa nao.
* Choa na mapunye: husababishwa na fangasi, huwasha, na kwa kawaida mabaka hayalingani pande zote mbili.
* Mzio wa dawa: huanza siku chache baada ya kutumia dawa mpya, na kwa kawaida huwasha.
* Surua: huanza kwa homa kali, mafua na macho mekundu, vipele vikianzia usoni.
* VVU vya mwanzoni: wiki chache baada ya maambukizi huweza kuleta homa, koo kuuma na vipele, kwa hiyo anayepimwa kaswende hushauriwa kupimwa VVU pia.
* Ukoma: mabaka yake hupoteza hisi, jambo ambalo halitokei katika vipele vya kaswende.

Tofauti hizo husaidia kushuku, si kuthibitisha. Mtu anaweza kuwa na magonjwa mawili kwa pamoja, na hata daktari mzoefu hawezi kuiondoa kaswende kwa kutazama tu.

## Vipimo

Kuna aina mbili za vipimo vya damu. Aina ya kwanza, kama VDRL na RPR, hupima kingamwili zinazopanda na kushuka kadiri ya ukali wa ugonjwa. Majibu hutolewa kwa namba, ambayo hutumiwa kufuatilia tiba. Vipimo hivyo huweza kuonyesha ugonjwa mahali usipokuwepo, kwa mfano wakati wa ujauzito au malaria. Aina ya pili, kama TPHA na vipimo vya haraka vya tone la damu ya kidole, hupima kingamwili dhidi ya bakteria mwenyewe. Kwa watu wengi hubaki chanya maisha yote, hata baada ya kupona. Hivyo havitofautishi ugonjwa wa sasa na wa zamani. Kwa sababu hiyo aina zote mbili husomwa pamoja.

Katika siku za kwanza za kidonda vipimo vya damu vinaweza kuwa hasi. Mtu mwenye kidonda cha kutiliwa shaka hutibiwa bila kungoja, au hupimwa tena baada ya wiki chache. Katika hatua ya pili karibu kila mgonjwa huwa na majibu chanya.

## Tiba na jinsi ngozi inavyobadilika

Tiba ni sindano ya penisilini ya benzathini ndani ya msuli wa tako. Kwa kaswende ya mapema hutolewa uniti milioni 2.4 mara moja tu. Kwa kaswende iliyodumu muda mrefu, au ambayo muda wake haujulikani, sindano hutolewa mara moja kwa wiki kwa wiki 3. Ubongo, macho au masikio yakihusika, penisilini hutolewa kwa mshipa kwa siku 10 hadi 14.

Kwa kaswende ya mapema, wenye mzio wa penisilini huweza kupewa doksisaiklini kwa siku 14, isipokuwa wajawazito. Kwa mjamzito penisilini ndiyo dawa pekee inayoaminika kumtibu mtoto tumboni, na inafaa itolewe angalau siku 30 kabla ya kujifungua. Azithromaisini haitegemewi tena, kwa sababu bakteria wa sehemu nyingi duniani wamekuwa sugu dhidi yake.

Ndani ya saa 24 baada ya sindano, mgonjwa huweza kupata homa, baridi, maumivu ya kichwa na misuli, na vipele kuonekana vibaya zaidi kuliko awali. Hiyo si mzio wa dawa, bali mwitikio wa mwili kwa bakteria wengi wanaokufa kwa pamoja. Kwa kawaida huisha ndani ya siku moja. Hata hivyo, ugumu wa kupumua, kuvimba uso au vipele vinavyowasha mara baada ya sindano ni dalili za mzio na huhitaji msaada wa haraka. Mjamzito anayepata maumivu ya tumbo au anayehisi mtoto hachezi arudi kituoni bila kuchelewa.

Vidonda na mabonge yenye unyevu huanza kukauka katika siku chache, na vipele hufifia katika wiki chache. Alama nyeusi zinazobaki si ugonjwa uliobaki. Kipimo cha kupona ni namba ya RPR au VDRL, ambayo inapaswa kushuka angalau mara nne katika miezi 6 hadi 12.

Kuugua kaswende hakumpi mtu kinga. Anaweza kuambukizwa tena wiki chache baada ya kupona, hasa ikiwa mwenzi wake hakutibiwa.

## Wenzi na kinga

Wenzi wote walioshiriki ngono na mgonjwa hutafutwa na kutibiwa: wa miezi 3 iliyopita ikiwa mgonjwa yuko hatua ya kwanza, wa miezi 6 ikiwa yuko hatua ya pili, na wa mwaka mmoja katika kipindi cha kimya cha mwanzoni. Mgonjwa huacha ngono hadi vidonda vipone na wenzi wawe wametibiwa.

Kondomu hupunguza hatari sana, lakini hailindi sehemu isiyofunikwa, kama kinena au mdomo. Kuoga au kujiosha baada ya ngono hakuzuii maambukizi. Kumeza vidonge vichache vya antibiotiki vilivyonunuliwa dukani hakuponyi kaswende.

Katika jamii za Afrika Mashariki vidonda vya sehemu za siri vimehusishwa wakati mwingine na uchawi au tego, yaani dawa inayoaminika kuwekwa na mume ili kumdhuru anayezini na mke wake. Imani hiyo, pamoja na aibu, huwapeleka wagonjwa kwa mganga, na kidonda kinapokauka chenyewe, huthibitisha dhana isiyo sahihi.

## Historia

Mlipuko wa kwanza ulioandikwa waziwazi Ulaya ulitokea mwaka 1495 kati ya askari wa mfalme Charles VIII wa Ufaransa waliokuwa Napoli, Italia. Kila taifa liliusukumia ugonjwa huo kwa jirani: Waitalia waliuita ugonjwa wa Kifaransa, Wafaransa waliuita ugonjwa wa Napoli, na Warusi waliuita ugonjwa wa Kipolandi. Mwaka 1530 tabibu Girolamo Fracastoro wa Verona alitunga shairi kuhusu mchungaji aliyeitwa Syphilus, ambaye jina lake likawa jina la ugonjwa katika lugha nyingi.

Mwaka 1838 Mfaransa Philippe Ricord alionyesha kwamba kaswende na kisonono ni magonjwa mawili tofauti, akaeleza hatua tatu za kaswende. Mwaka 1905 Fritz Schaudinn na Erich Hoffmann walimwona bakteria kwa mara ya kwanza huko Berlin. Mwaka uliofuata August von Wassermann na wenzake walitoa kipimo cha damu. Mwaka 1910 dawa ya Salvarsan, iliyotokana na kazi ya Paul Ehrlich na Sahachiro Hata, ilianza kuuzwa. Mwaka 1943 John Mahoney na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba penisilini inaponya.

Kuanzia 1932 hadi 1972 idara ya afya ya umma ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi 399 wenye kaswende huko Tuskegee, Alabama, bila kuwapa tiba, hata baada ya penisilini kupatikana. Rais Bill Clinton aliomba radhi kwa niaba ya nchi mwaka 1997.

## Afrika Mashariki

Nchini Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20, madaktari Waingereza walitangaza kwamba sehemu kubwa ya watu wa Buganda walikuwa na kaswende. Wataalamu wa baadaye wameonyesha kwamba wengi wa wagonjwa hao huenda walikuwa na buba, ugonjwa wa ngozi unaosababishwa na bakteria wa jamii ileile, ambao watoto huambukizana kwa kugusana ngozi na ambao hauhusiani na zinaa. Vipimo vya damu havitofautishi magonjwa hayo mawili. Kampeni za penisilini za miaka ya 1950 na 1960 zilipunguza buba sana.

Utafiti uliofanyika Mwanza, Tanzania, na kutolewa mwaka 2002 ulionyesha kwamba takriban nusu ya watoto waliozaliwa wafu, kati ya wanawake wasiopimwa, walikufa kwa sababu ya kaswende ya mama. Kipimo cha kaswende ni sehemu ya huduma ya kliniki ya wajawazito, na siku hizi kuna kipimo cha haraka kinachopima VVU na kaswende kwa tone moja la damu. Mwaka 2015 Kuba ilikuwa nchi ya kwanza kuthibitishwa na WHO kuwa imekomesha maambukizi ya VVU na kaswende kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto.

## Tazama pia

* Buba
* Kisonono
* Magonjwa ya zinaa
* Pangusa
* Penisilini
* UKIMWI